Skripti ya Kupimia Ianze kwa Kuukagua Mchoro

Anayechora kwa kompyuta hutumia sehemu kubwa ya siku yake kupima vitu ambavyo yeye mwenyewe au mwenzake alikwisha kuvichora. Anataka kujua jumla ya urefu wa mabomba, eneo la kila chumba, idadi ya matundu katika bamba la chuma na umbali kati ya tundu moja na jingine. Programu ya kuchorea ina majibu yote hayo ndani yake, kwa sababu kila mstari umehifadhiwa kwa namba, lakini njia ya kawaida ya kuyapata ni kubofya ncha moja, kubofya ncha ya pili, kusoma jibu kwenye skrini na kulinakili kwenye jedwali. Kazi hiyo ikifanywa mara chache haina tatizo. Ikifanywa kwa mamia ya vitu, jicho huchoka, mstari mmoja hurukwa, mwingine huhesabiwa mara mbili, na mwisho wake hakuna ushahidi wowote unaobaki wa kuonyesha ni kipi kilipimwa na kipi hakikupimwa.

Skripti, yaani faili fupi la maagizo ambayo kompyuta huyatekeleza yenyewe, huondoa uchovu huo, na sababu hiyo peke yake inatosha kumfanya mtu ajifunze kuiandika. Hata hivyo, kadiri ninavyoandika skripti za kupimia, nyingi zikiwa za lugha ya AutoLISP na nyingine za lugha ya Python, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba kupima kwenyewe ni mistari michache tu ya msimbo, na kwamba sehemu kubwa ya skripti nzuri hutumika kuuliza kama mchoro uliopo unafaa kupimwa. Kompyuta hupima kilichochorwa. Haijui mchoraji alikusudia nini, na pale ambapo kilichochorwa na kilichokusudiwa vimeachana, itatoa jibu lisilo sahihi lenye desimali nane, na jibu hilo litaaminiwa kwa sababu limetoka kwenye kompyuta.

Nianze na skripti fupi ya kujumlisha urefu. Nimeiandika kwa AutoLISP, lugha iliyoingia ndani ya programu ya kuchorea ya AutoCAD katika toleo la 2.18 la mwaka 1986. Asili yake ni Lisp, ambayo John McCarthy alianza kuibuni mwaka 1958, na ndiyo maana imejaa mabano. BricsCAD, programu nyingine ya kuchorea, nayo huielewa, na AutoCAD LT, ile iliyopunguzwa uwezo, ambayo kwa miaka mingi haikuwa nayo, iliipata katika toleo la 2024, kwa hiyo watu wengi ambao zamani walifungiwa mlango huu sasa wanaweza kuingia.

(vl-load-com)
(defun c:JUMLA (/ fungu i kitu jumla)
  (setq jumla 0.0 i 0)
  (if (setq fungu (ssget '((0 . "LINE,ARC,CIRCLE,LWPOLYLINE"))))
    (repeat (sslength fungu)
      (setq kitu (ssname fungu i)
            jumla (+ jumla
                     (vlax-curve-getDistAtParam kitu
                       (vlax-curve-getEndParam kitu)))
            i (1+ i))))
  (princ (strcat "\nJumla ya urefu: " (rtos jumla 2 2)))
  (princ))

Ukiipakia na kuandika JUMLA kwenye mstari wa amri, itakuomba uchague vitu, itakubali mistari, matao, miduara na polilaini (vipande vilivyonyooka au kupinda vilivyoungwa kuwa kitu kimoja) pekee, kisha itaandika jumla ya urefu wake. Funksheni ya ssget ndiyo inayochagua, na orodha iliyo ndani yake ni chujio ambamo namba 0 inawakilisha aina ya kitu. Funksheni ya ssname hutoa kitu kimoja kimoja kutoka kwenye fungu lililochaguliwa, kwa namba zinazoanzia sifuri. Zile mbili zenye majina marefu huuliza mwisho wa umbo uko wapi, na ukitembea juu ya umbo lenyewe kutoka mwanzo hadi hapo umepita umbali gani. Ninaipenda njia hii kwa sababu swali ni lile lile kwa mstari ulionyooka, kwa tao na kwa duara, na hesabu ya kila umbo inabebwa na programu yenyewe.

Wengi wanaoanza hupita njia nyingine. Huchukua data ghafi ya kitu kwa funksheni ya entget, ambamo kila taarifa hutanguliwa na namba ya kundi inayosema ni taarifa ya nini, wakasoma namba ya kundi 10, ambayo ni mwanzo wa mstari, na namba ya kundi 11, ambayo ni mwisho wake, kisha wakatafuta umbali kati ya hizo mbili. Kwa mstari wa kawaida jibu ni sahihi kabisa. Kwa polilaini njia hiyo ina mtego, kwa sababu kila kona ya polilaini huhifadhiwa kwa namba 10, na kama kipande kinachofuata kimepinda, mpindo wake huhifadhiwa pembeni kwa namba 42. Namba hiyo ni tanjenti ya robo ya pembe ya tao. Nusu duara ina mpindo wa 1, na robo duara ina mpindo wa takriban 0.4142. Skripti inayosoma kona peke yake na kuisahau namba 42 itapima njia ya mkato kati ya kona mbili badala ya kulifuata tao. Katika robo duara yenye nusu kipenyo cha milimita 1000, urefu wa kweli ni milimita 1570.80, na njia ya mkato ni milimita 1414.21. Upungufu huo unakaribia asilimia kumi, na ubaya wake ni kwamba haushtui macho, kwa kuwa bomba lenye kona chache za mviringo litapungua kidogo tu na jumla itaonekana ya kuaminika.

Hata skripti inayotumia njia salama haiwezi kujikinga na mchoro wenyewe. Chukua mwinuko. Mchoro wa bapa unapaswa kuwa na Z ya sifuri kila mahali, lakini mchoro ulioletwa kutoka kwenye data ya upimaji wa ardhi, au ule ambao mtu alinasa ncha ya kitu kilichoinuliwa bila kujua, huwa na mistari ambayo ncha yake moja iko chini na nyingine iko juu. Ukiutazama kutoka juu hauoni kitu. Mstari unaoonekana kuwa na milimita 3000, ukiwa na tofauti ya mwinuko ya milimita 4000 kati ya ncha zake, una urefu wa milimita 5000, na hiyo ndiyo namba ambayo skripti italeta. Haijakosea, kwa sababu katika anga ya pande tatu mstari huo una milimita 5000 kweli, ila aliyetaka urefu wa ukuta kwenye ramani hakuwa akiuliza hivyo. Dawa yake ni kusoma Z ya kila ncha kabla ya kujumlisha chochote, na kuvitenga vitu vyote ambavyo ncha zake hazilingani.

Mistari iliyolaliana ni tatizo jingine la namna hiyo, na katika michoro iliyopita mikono mingi nadhani ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya jumla kuvimba. Mtu ananakili sehemu ya mchoro na kuibandika mahali pale pale, au vyumba viwili vinachorwa kila kimoja kwa polilaini yake na ukuta wa kati unakuwa umechorwa mara mbili. Amri ya OVERKILL huondoa nakala hizo, lakini sipendi kuiendesha ndani ya skripti ya kupimia, kwa sababu inabadilisha mchoro na wakati mwingine nakala ina maana yake. Ni bora skripti ilinganishe ncha za mistari, ikikumbuka kwamba mstari wa kutoka A kwenda B ni ule ule wa kutoka B kwenda A, na kwamba ulinganisho wa namba zenye desimali haufanywi kwa usawa kamili. AutoLISP ina funksheni ya equal inayopokea tofauti inayoruhusiwa, na kwa michoro ya milimita ninaona 0.001 inafaa. Anayelinganisha kwa alama ya = peke yake atapitwa na nakala nyingi, kwa sababu namba kama 0.1 haiwezi kuhifadhiwa kwa ukamilifu katika mfumo wa namba mbili unaotumiwa na kompyuta, na ncha mbili zinazoonekana kuwa sawa zinaweza kuachana katika desimali ya kumi na mbili.

Uchaguzi wa vitu nao unahitaji uangalifu. Ukiongeza herufi "X" kwenye ssget, skripti haitamwomba mtumiaji achague, itachukua kila kitu kilicho kwenye hifadhi ya mchoro. Kila kitu hapa maana yake ni kila kitu kweli, pamoja na vitu vilivyo kwenye leya (tabaka za mchoro) zilizozimwa, vilivyo kwenye leya zilizogandishwa, na vile vilivyochorwa kwenye kurasa za uchapishaji, ambako huwa kuna fremu na majedwali ya vichwa vya michoro. Jumla ya mabomba iliyoongezewa kingo za fremu ya ukurasa haina maana yoyote. Kwa hiyo chujio linapaswa kutaja mambo matatu angalau, yaani aina ya kitu, leya kwa namba 8, na mahali kwa namba 410 yenye thamani ya "Model". Leya zilizogandishwa ni suala la uamuzi. Mara nyingine zinabeba muundo wa zamani uliokataliwa, na mara nyingine zinabeba kazi halali ya fundi mwingine iliyofichwa kwa muda, kwa hiyo skripti ieleze wazi imezihesabu au imeziacha.

Kuhusu bloku, yaani vitu vilivyofungwa pamoja na kuwekwa kwenye mchoro kama kitu kimoja, nitasema kwa ufupi. Vitu vilivyo ndani ya bloku hupimwa kwa kipimo cha bloku yenyewe, na kila mahali bloku ilipowekwa kuna namba 41, 42 na 43 (maana ya namba hutegemea aina ya kitu) zinazosema imekuzwa au kupunguzwa mara ngapi kwa kila mhimili. Mlango wa milimita 900 uliowekwa kwa ukuzaji wa 2 ni mlango wa milimita 1800, na ssget haiingii ndani ya bloku kuvitafuta vitu hivyo kwa hiari yake.

Swali linalofuata ni skripti ifanye nini ikishagundua kasoro. Wapo wanaopenda irekebishe papo hapo, ibapishe mwinuko na kufuta nakala, kisha iendelee na hesabu. Mimi nina msimamo tofauti: skripti ya kupimia isome tu. Ikikuta vitu vyenye mashaka, ivikusanye katika fungu moja na kuviwasha kwenye skrini kwa amri ya (sssetfirst nil fungu), ili mchoraji avione vikiwa vimechaguliwa na aamue mwenyewe. Kama inalazimika kuandika kitu kwenye mchoro, kwa mfano eneo la kila chumba katikati ya chumba hicho, basi iandike kwenye leya yake peke yake inayoweza kufutwa yote kwa mara moja. Na kama inatumia funksheni ya command kuweka nukta, izime kwanza unasaji wa ncha kwa kuweka OSMODE kuwa 0, kwa sababu unasaji ukibaki umewashwa nukta iliyokokotolewa kwa usahihi inaweza kuvutwa na ncha iliyo karibu. Thamani ya awali irudishwe hata pale mtumiaji anapokatiza kazi katikati, na kwa ajili hiyo AutoLISP ina funksheni ya *error* ambayo mwandishi wa skripti anaweza kuiandika upya.

Sasa nifike kwenye ukaguzi ambao naujali kuliko mwingine wowote, yaani ule wa vipimo vilivyoandikwa kwa mkono. Programu ya kuchorea inaruhusu maandishi ya kipimo yabadilishwe. Mchoraji anaweka kipimo kati ya kuta mbili, programu inaandika 2385, naye kwa kuwa anajua kwamba upana unaotakiwa ni 2400 na hana muda wa kusogeza ukuta, anaandika 2400 juu yake. Kwenye karatasi kila kitu kinapendeza. Ndani ya faili ukuta uko palepale, na yeyote atakayepima eneo, atakayehesabu vigae au atakayepeleka mchoro huo kwenye mashine ya kukata atafuata 2385. Programu haionyeshi dalili yoyote ya wazi kwamba namba hiyo si yake.

Lakini data ya kitu hicho inasema ukweli wote. Kipimo, ambacho aina yake ni DIMENSION, hubeba namba ya kundi 42 yenye umbali halisi uliopimwa, na namba ya kundi 1 yenye maandishi ambayo mtu aliyaandika. Kama namba 1 ni tupu, au ina alama ya <> ambayo humaanisha "weka hapa umbali halisi", kipimo ni cha kweli. Kama ina maandishi mengine yasiyo na alama hiyo, kuna mtu ameingilia kati. Skripti ya kuyapata haya yote ni fupi: inachagua kila DIMENSION, inaacha zile zenye namba 1 iliyo tupu au yenye <>, na kwa zinazobaki inaandika maandishi, umbali halisi na tofauti kati yake. Kwa vipimo vya pembe ikumbukwe kwamba namba 42 iko katika radiani. Si kila maandishi ya mkono ni kosa, kwa maana mchoraji anaweza kuandika "sawa kwa sawa" mahali ambapo nafasi zinagawanywa kwa ulinganifu, na hilo ni halali. Ila vipimo vilivyoandikwa namba peke yake isiyolingana na umbali halisi vinapaswa kutolewa maelezo na mwenye mchoro kabla mkadiriaji majenzi hajaanza kazi yake, na ninaona kila ofisi inayopokea michoro ya wengine ingefaidika kwa kuendesha ukaguzi huu siku faili linapoingia. Pamoja na hayo kuna mpangilio wa DIMLFAC, ambao huzidisha kila namba ya urefu inayoandikwa na kipimo. Thamani yake ikiwa tofauti na 1 kwenye mchoro wa ukubwa halisi, vipimo vyote vya urefu vya mtindo huo vinasema kitu kingine bila hata mtu kuandika kwa mkono.

Vizio vya vipimo navyo hudanganya kwa njia yao. Mstari ndani ya faili hauna milimita wala mita. Una namba tu. INSUNITS, mpangilio wa kizio ulio ndani ya faili, inasema namba hizo zichukuliwe kuwa nini, ambapo 1 ni inchi, 2 ni futi, 4 ni milimita, 5 ni sentimita na 6 ni mita, lakini kuibadilisha hakubadilishi ukubwa wa vitu vilivyokwisha kuchorwa, na mafaili mengi yanaibeba thamani ya kiolezo ambacho hakuna aliyekitazama. Kwa hiyo skripti isiiamini INSUNITS peke yake. Inaweza kuipima dhidi ya kitu kinachojulikana ukubwa wake, kwa mfano upana wa milango, na ikiona milango mingi ina upana wa 0.9 ijue kwamba mchoro uko katika mita hata kama faili linasema milimita. Inchi, ambayo tangu makubaliano ya mwaka 1959 ni milimita 25.4 kamili, hujitambulisha kwa urahisi zaidi, kwa sababu uwiano kati ya kinachotarajiwa na kinachopatikana hukaribia namba hiyo. Na kwenye eneo, kigawanyo kinatoka 1000 kwenda 1,000,000, jambo ambalo kila mtu analijua na bado linahitaji kuandikwa kwenye msimbo mahali pamoja tu: chumba cha milimita 4200 kwa 3600 kina milimita za mraba 15,120,000, ambazo ni mita za mraba 15.12.

Ukadirishaji wa desimali ufanyike mwishoni. Vipande 40 vya mita 1.234 kila kimoja vinatoa mita 49.36, lakini kila kipande kikikadirishwa kwanza kuwa 1.23, jumla inakuwa 49.20. Tofauti ya sentimita 16 imetokana na mpangilio wa hatua peke yake. Kama mkataba unataka kila kipande kikadirishwe kwanza, fuata mkataba, na uandike hivyo juu ya jedwali.

Kuna jambo moja la eneo ambalo watumiaji wa kawaida hawalioni lakini anayeandika hesabu yake mwenyewe lazima alijue. Njia ya kawaida ya kupata eneo la umbo lenye pande nyingi ni kuzidisha X ya kila kona kwa Y ya kona inayofuata, kutoa Y ya kona hiyo ikizidishwa na X ya inayofuata, kujumlisha yote na kugawa kwa mbili. Njia hii ni nzuri, ila ina udhaifu wa aina mbili. Umbo linalojikata lenyewe, kama namba nane, hutoa sehemu moja chanya na nyingine hasi, na pande zikilingana jibu ni sifuri. Udhaifu wa pili hutokea mchoro unapokaa kwenye koordineti za upimaji wa ardhi, mbali sana na nukta ya mwanzo. Tuseme kona iko kilomita 500 kwa mhimili mmoja na kilomita 9000 kwa mwingine, na mchoro uko katika milimita. Zao la namba hizo mbili ni 4,500,000,000,000,000,000, na namba za desimali za kompyuta, zenye tarakimu zipatazo 15 au 16 zinazoaminika, zinaporuka kutoka thamani moja hadi inayofuata katika ukubwa huo huruka milimita za mraba 512. Kwa shamba, kosa hilo si kitu. Kwa kijibamba cha kufungia nguzo, makosa ya kila kona yakikusanyika, ni tatizo la kweli. Tiba ni rahisi mno: toa koordineti za kona ya kwanza kutoka kwa kona zote kabla ya kuzidisha, kisha fanya hesabu ile ile karibu na sifuri.

Matokeo yaandikwe kwenye faili la maandishi linaloweza kufunguliwa kama jedwali, na kila mstari wa jedwali ubebe namba ya utambulisho ya kitu kilichopimwa. Namba hiyo iko kwenye kundi la 5, haibadiliki mchoro unapohifadhiwa na kufunguliwa tena, na funksheni ya handent inaweza kukirudia kitu chenyewe kwa kuitumia. Hapo ndipo skripti inapoishinda kabisa kazi ya mkono, kwa sababu mtu akihoji kwa nini ukuta fulani una mita 6.4, unachukua utambulisho wake na kukiwasha kitu hicho mbele yake. Tahadhari moja: utambulisho huo huandikwa kwa mfumo wa namba kumi na sita, wenye tarakimu na herufi A hadi F, na Excel ikikuta 2E3 huisoma kama 2000 na kuharibu rejea yote bila kusema neno. Tanguliza herufi na kistari, kama H-2E3, na tatizo linaisha.

Michoro ikiwa mingi, kuna njia kadhaa. Faili la amri lenye mwisho wa .scr ni la zamani na bado lina manufaa, mradi mwandishi akumbuke kwamba ndani yake nafasi tupu moja ina nguvu ya kitufe cha Enter, na nafasi iliyosahaulika mwishoni mwa mstari inaweza kurudia amri iliyotangulia. AutoCAD ina pia accoreconsole, inayofungua mchoro na kuendesha skripti bila kufungua dirisha la programu. Asiye na AutoCAD anaweza kutumia maktaba ya ezdxf ya Python, ambayo husoma mafaili ya DXF, aina ya faili ya kubadilishana michoro, moja kwa moja. Huko hana zile funksheni za vlax-curve, kwa hiyo atakokotoa matao mwenyewe: pembe ni mara nne ya tanjenti kinyume ya mpindo, nusu kipenyo ni njia ya mkato ikizidishwa kwa moja jumlisha mraba wa mpindo kisha ikagawanywa kwa mara nne ya mpindo, na urefu ni nusu kipenyo mara pembe katika radiani. Kwa vitu vya pande tatu naipendelea programu ya FreeCAD, ambako Python imo ndani na kila umbo hujibu lenyewe kwa Shape.Length, Shape.Area na Shape.Volume, na milimita ndiyo kizio cha ndani bila mjadala.

Skripti za watu wengine zisomwe kabla ya kupakiwa. Mwaka 2012 kampuni ya usalama wa kompyuta ya ESET ilieleza kirusi kilichoitwa ACAD/Medre.A, kilichoandikwa kwa AutoLISP, ambacho kilienea zaidi nchini Peru na kutuma maelfu ya michoro ya watu kwenye anwani za barua pepe za nje. Matoleo ya baadaye ya AutoCAD yana SECURELOAD na TRUSTEDPATHS, ambazo huamua folda zipi zinaruhusiwa kupakia msimbo. Anayezizima ili asisumbuliwe na maswali amefungua mlango ule ule.

Mwisho, kila skripti ya kupimia iwe na mchoro wake wa majaribio, na mchoro huo ukusanye mitego yote niliyoitaja hapo juu: mraba wa milimita 1000, robo duara ya polilaini yenye nusu kipenyo cha 1000, mstari wa 3000 wenye mwinuko wa 4000, mistari miwili iliyolaliana na mmoja wao ukiwa umegeuzwa, bloku iliyokuzwa mara mbili, kipimo kilichoandikwa kwa mkono, kitu kimoja kwenye leya iliyogandishwa, na nakala ya ule mraba iliyopelekwa kwenye koordineti za mbali. Skripti iendeshwe hapo kila inapoguswa na kila toleo jipya la programu linapowekwa. Miraba yote miwili itoe mzingo wa 4000 na eneo la 1,000,000, robo duara itoe 1570.80, na vitu vyenye kasoro vitajwe kimoja kimoja kwa utambulisho wake. Jibu moja likiwa tofauti, skripti hiyo isiendeshwe kwenye mchoro wa kazi hadi sababu yake ijulikane.